Je, Wajua? Adabu Zinazolinda Programu Huria

Simu ya Android iliyo mkononi mwako inaendeshwa na Linux. Tangu Novemba 2017, hata zile kompyuta 500 zenye nguvu kuliko zote duniani zinaendeshwa na Linux, zote bila kubakiza. Programu huria kama hii huandikwa na watu waliotapakaa kila pembe. Wengi wao hawajawahi kuonana ana kwa ana, na wengine hawalipwi hata senti. Leo tunatazama jinsi watu hao walivyoanza kujiwekea kanuni za maadili, walivyozigombania, na kilichotokea zilipovunjwa.

Je, wajua kwamba mwasisi wa Linux aliwahi kukaa pembeni kwa sababu ya ulimi wake? Linus Torvalds aliitangaza Linux mwaka 1991 akiwa mwanafunzi huko Helsinki. Kwa miaka mingi alijulikana pia kwa kuwaporomoshea matusi waliomletea kazi mbovu, tena kwa barua pepe zinazosomwa na kila mtu. Tarehe 16 Septemba 2018 aliwaandikia wenzake barua ya namna nyingine. Alikiri kwamba mashambulizi yale hayakuwa ya kitaaluma wala hayakustahili, akaomba radhi, akasema anapumzika ili asaidiwe kuelewa hisia za watu. Kazi ya kukamilisha toleo la 4.19 alimwachia mwenzake Greg Kroah-Hartman, na yeye mwenyewe akarejea Oktoba. Siku ileile ya barua, Linux ilipata kanuni mpya za maadili.

Kanuni hizo zilichukua nafasi ya waraka mfupi wa Machi 2015 uliojiita kanuni za migongano. Waraka huo ulimwambia mchangiaji kwamba kazi yake itakosolewa vikali kwa faida ya ubora, na kwamba akihisi ametukanwa au kutishwa apeleke shauri kwa Bodi ya Ushauri wa Kiufundi. Basi. Haukuorodhesha matendo yaliyokatazwa, wala haukusema mkosaji atafanywa nini. Kwa miaka mitatu na nusu mradi mkubwa kuliko yote ya aina yake uliishi na karatasi hiyo, huku matusi yakiendelea kutoka juu kabisa.

Je, wajua kwamba kanuni mpya ziliwatia hofu hata watu waungwana? Ziliwataka watunzaji wa kila sehemu ya Linux wazisimamie, na zikaonya kwamba asiyezisimamia naye anaweza kuchukuliwa hatua. Mtu aliyezoea kukagua msimbo wa kadi za mtandao alijikuta amegeuzwa hakimu wa lugha za wenzake. Mwezi uliofuata ukatolewa waraka wa ufafanuzi: malalamiko yangeshughulikiwa na kamati maalumu, na mtunzaji angebaki na kazi yake ya kawaida pamoja na wajibu wa kuwa mfano mwema.

Wapo waliokwenda mbali zaidi. Vuguvugu lilizuka kwamba mchangiaji atakayefukuzwa kwa kanuni hizo anaweza kuondoa ruhusa ya kutumia msimbo wake, na Linux ikabomoka vipande vipande. Shirika la Software Freedom Conservancy lilichapisha ufafanuzi wa kisheria kwamba ruhusa inayotolewa chini ya leseni ya GPL toleo la 2 haiondolewi kwa hasira za mtoaji. Linux haikubomoka.

Je, wajua kwamba Afrika ilikuwamo katika habari hii mapema? Ubuntu ni mfumo ulioasisiwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ukatolewa kwa mara ya kwanza Oktoba 2004, na ulikuwa miongoni mwa miradi mikubwa ya mwanzo kujiwekea kanuni za maadili. Mwandishi wake ni Benjamin Mako Hill. Anayetaka uanachama rasmi huzitia sahihi kwa ufunguo wake wa kidijitali, kwa hiyo hawezi kuja kudai kwamba hakuziona. Kipengele ninachokithamini kuliko vyote humo kinahusu kuondoka: anayeachia nafasi awaage wenzake, akabidhi kazi, na ahakikishe atakayeipokea anajua pa kuanzia. Tunazungumza sana juu ya wanaotukana na kuwasahau wanaotoweka kimya kimya na nywila za mradi mzima, ilhali madhara yao ni makubwa vilevile.

Debian nao, mradi uliozaa Ubuntu, walizipigia kura kanuni zao Aprili 2014. Je, wajua kwamba moja ya kanuni hizo inawataka watu waandike kwa ufupi? Sababu yake ni ya haki kabisa: unachoandika mara moja kitasomwa na mamia ya watu, na muda wao si mali yako. Sijaona kanuni nyingine inayolihesabu domo refu kuwa kukosa heshima kwa wengine. Ningependa iigwe.

Je, wajua kwamba msukumo mkubwa ulitoka kwenye kumbi za mikutano? Mwishoni mwa 2010, mshiriki wa mkutano wa Apache huko Atlanta alieleza hadharani kwamba alishambuliwa kingono. Wanawake wa jumuiya ya programu huria, akiwemo Valerie Aurora, wakaandika sera ya mfano dhidi ya unyanyasaji ambayo mkutano wowote ungeweza kuichukua. Mwaka 2011 Aurora na Mary Gardiner wakaunda shirika la Ada Initiative, lililopewa jina la Ada Lovelace, kusukuma jambo hilo mbele hadi shirika lilipofungwa mwaka 2015.

Mtihani wa kwanza mkubwa ulikuja haraka. Januari 2011, mkutano wa linux.conf.au uliofanyika Brisbane ulikuwa umeichukua sera hiyo, na aliyeivunja hakuwa kijana aliyekaa viti vya nyuma. Alikuwa mzungumzaji mkuu mwalikwa, kwa picha alizoonyesha katika mhadhara wake. Waandaaji waliomba radhi mbele ya watu wao, na mzungumzaji naye akaomba radhi. Nadhani hapo ndipo watu wengi walipoelewa kwamba sera hailengi wageni wasiojulikana peke yao.

Na pesa zilisaidia. Mwishoni mwa 2012, Python Software Foundation, taasisi inayoilea lugha ya Python, iliamua kutofadhili mkutano wowote usio na kanuni za maadili zilizotangazwa. Mikutano mingi iliyokuwa ikisuasua iliandika kanuni zake ndani ya muda mfupi.

Je, wajua kisa cha PyCon, mkutano wa watumiaji wa Python, kilichotokea Machi 2013 huko Santa Clara, California? Mshiriki mmoja, mwanamke, aliwasikia wanaume wawili nyuma yake wakitaniana maneno aliyoyaona ni ya kingono. Akawapiga picha, akaiweka mtandaoni, akaomba waandaaji waje. Waandaaji wakaja, wakazungumza na wahusika faraghani, na ndani ya ukumbi shauri likaisha. Nje ya ukumbi ndipo moto ulipowaka. Mmoja wa wanaume wale alifukuzwa kazi na mwajiri wake. Yule mwanamke akaandamwa kwa vitisho vya kutisha, tovuti ya kampuni yake ikashambuliwa, na yeye pia akafukuzwa kazi. Waandaaji walirekebisha mwongozo wao na kuongeza tahadhari kwamba kuaibishana hadharani kunaweza kuharibu zaidi ya kutengeneza. Kisa hiki huletwa na kila upande kama ushahidi wake. Mimi nakiona hivi: utaratibu wa waandaaji ulifanya kazi, na kilichowaangamiza watu wawili hawa ni umati ambao haukuwa na utaratibu wowote.

Je, wajua kwamba kanuni zinazotumika katika makumi ya maelfu ya miradi leo ziliandikwa awali na mtu mmoja? Coraline Ada Ehmke alitoa Contributor Covenant mwaka 2014, maandishi mafupi ambayo mradi wowote ungeweza kuyanakili na kujaza anwani ya kupeleka malalamiko. Linux yenyewe ilipobadilika mwaka 2018 ilichukua toleo la 1.4. Toleo la 2.0 la mwaka 2019 liliongeza kitu kilichokuwa kikikosekana, yaani ngazi ya adhabu iliyofuata mfano wa Mozilla: kwanza kusahihishwa kwa maandishi ya faragha, pili onyo lenye masharti, tatu kusimamishwa kwa muda, na mwisho kufukuzwa moja kwa moja. Ngazi hii inamlinda pia mshtakiwa. Mtu aliyeteleza neno moja hatendewi sawa na aliyemwandama mwenzake mwezi mzima.

Kuzichukua kanuni hizo siku hizi ni kazi ya dakika chache. Unaweka faili moja kwenye folda kuu ya mradi, na tangu 2017 GitHub, tovuti inayohifadhi miradi ya programu, inakupa kiolezo tayari. Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Miradi mingi hubonyeza kitufe, huacha sehemu ya anwani ya malalamiko bila kujazwa, na huendelea na shughuli zake. Mwathirika akiitafuta siku ya siku, hukuta mabano matupu.

Je, wajua GitHub walipata nini walipowauliza watu mwaka huohuo wa 2017? Walihoji zaidi ya washiriki 5,500 wa miradi huria. Asilimia 18 walikuwa wamefanyiwa vitendo vibaya wao wenyewe, na nusu walishuhudia wengine wakifanyiwa. Jambo lililoonekana zaidi lilikuwa ufedhuli wa kawaida, ule unaopuuzwa kwa kusemwa ndiyo tabia yake, mzoee. Kati ya waliofanyiwa au kushuhudia mabaya, asilimia 21 waliacha kuchangia mradi husika. Mtu mmoja kati ya watano! Watu hao hawagombani wala hawaandiki barua ya kuaga. Hawaonekani tena, basi. Katika utafiti huohuo wanawake walikuwa asilimia 3 tu ya waliojibu.

Je, wajua kwamba yapo maadili yanayohusu mshangao? Recurse Center ya New York ni kituo ambako watu huenda kujinoa katika uandishi wa programu, na kanuni zake za kuishi pamoja ni fupi sana. Moja inakataza kujifanya umeshangaa mtu asipojua jambo. Ile sauti ya “Yaani wewe hujui hata hiyo?” imepigwa marufuku, kwa sababu haimfundishi mtu chochote isipokuwa kuogopa kuuliza tena. Nyingine inakataza kumkatiza msemaji ili kurekebisha kijambo kisichobadilisha hoja yake. Waliopita vyuo vyetu vya kompyuta wanajua ni wangapi walinyamazishwa na mshangao wa namna hiyo wakiwa mwaka wa kwanza.

Je, wajua kwamba ufedhuli umewahi kutumiwa kama silaha ya kuvunja usalama wa kompyuta? Hiki ni kisa ambacho kila anayesema maadili ni mambo ya hisia anapaswa kukisoma taratibu. XZ Utils ni programu ndogo ya kubana data, nayo imo katika mifumo mingi ya Linux. Kwa miaka mingi ilitunzwa na mtu mmoja wa kujitolea, Lasse Collin wa Finland. Mwaka 2022 yalijitokeza majina mageni yaliyoanza kumshinikiza: kazi inachelewa, mradi umekufa, kwa nini hawapi wengine usukani. Collin alijibu kwa upole, akaeleza kwamba hali yake ya afya ya akili imempunguzia uwezo, na kwamba hii ni kazi ya kujitolea. Shinikizo halikukoma. Wakati huo alikuwapo msaidizi mmoja mwema, mwenye jina la Jia Tan, aliyekuwa akileta viraka vizuri tangu 2021. Hatimaye akapewa mamlaka.

Mapema 2024, matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 yalitoka yakiwa na mlango wa siri, ambao ungemwezesha aliyeuweka kuingia katika seva zinazotumia SSH, njia ya kuziendesha kutoka mbali. Aliyeugundua ni Andres Freund, mhandisi wa Microsoft ambaye pia ni mmoja wa waandishi wa hifadhidata huria ya PostgreSQL. Aliona kuingia kwa SSH kunachukua takriban nusu sekunde zaidi ya kawaida, akachimba, na tarehe 29 Machi 2024 akaitangazia dunia. Matoleo yale yalikuwa hayajaenea katika mifumo mikuu. Waliochunguza wanaamini kwamba majina yale ya washinikizaji yalikuwa ya kubuni, sehemu ya mpango uleule.

Sidai kwamba kanuni za maadili peke yake zingeuzuia mlango huo. Ila nauliza: mtu wa kujitolea anaposema hadharani kwamba ni mgonjwa, na watu wakazidi kumkanyaga, nani alikuwa na wajibu wa kusimama na kusema inatosha? Katika mradi wa mtu mmoja hakuwapo wa kusimama. Kulinda watunzaji ni kulinda seva za benki na hospitali.

Je, wajua kwamba mradi mmoja maarufu uliazima kanuni zake kwa mtawa wa karne ya 6? D. Richard Hipp, mwasisi wa SQLite, hifadhidata iliyomo katika takribani kila simu ya kisasa, alikuwa akiulizwa na makampuni yanayoitumia kama mradi wake una kanuni za maadili. Mwaka 2018 akaweka orodha ya zana za kazi njema kutoka Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, yenye vipengele 72, vikianza na kumpenda Mungu. Dunia ya programu ilishtuka ilipoiona Oktoba mwaka huo. Hipp alieleza kwamba halazimishi mtu yeyote kuamini. Ni ahadi ya kikundi chake kidogo juu ya namna wao watakavyowatendea wengine. Baadaye akabadilisha jina la waraka kuwa maadili ya waasisi wake. Ikumbukwe kwamba SQLite haipokei msimbo kutoka kwa watu wa nje kwa kawaida, hivyo hakuna umati wa wachangiaji wa kusimamia. Ahadi ya mtu kwa nafsi yake ni njema sana, lakini haimwambii aliyeumizwa aende wapi.

Mwezi uleule wa Oktoba 2018, Richard Stallman alitoa miongozo ya mawasiliano ya upole kwa GNU, mradi wa programu huria aliouasisi, akisema wazi kwamba si kanuni za maadili. Haina adhabu. Inaelekeza tu namna ya kusema: mchukulie mwenzako kwa nia njema, mjibu hoja aliyoitoa, usiibadilishe.

Kuzipitisha kanuni za maadili nako kuna mapito yake. Waandishi wa lugha ya PHP walipendekezewa kanuni Januari 2016, na baada ya majuma ya mabishano pendekezo likaondolewa. PostgreSQL walianza mjadala mwezi uleule, wakaumaliza Septemba 2018 kwa kutangaza kanuni na kamati yake. FreeBSD walizipitisha mwanzoni mwa 2018, zikazua kelele kubwa kwa sababu zilikataza hata kumbatio la maneno kwa mtu asiyeliridhia. Mwaka 2020 wakawauliza wenzao na kuchukua maandishi mengine yaliyotokana na mradi wa LLVM. Ruby walichukua maneno machache kutoka rasimu ya PostgreSQL na kuendelea na kazi. Miaka zaidi ya miwili ya PostgreSQL ilionekana ni mingi mno wakati ule. Leo nadhani iliwafaa, kwani waliobishana hadi mwisho walizijua kanuni zao neno kwa neno.

Je, wajua kwamba leseni na kanuni za maadili hazifanyi kazi moja? Leseni huria inasema nani anaruhusiwa kutumia programu, na jibu ni kila mtu, kwa shughuli yoyote. Kanuni zinasema nani anaruhusiwa kushiriki katika kuijenga. Agosti 2018, mtunzaji mmoja wa mradi wa Lerna alibadili leseni ili kuyazuia makampuni yaliyokuwa yakifanya kazi na idara ya uhamiaji ya Marekani. Muda mfupi baadaye wenzake wakairudisha leseni ya zamani na kumwondoa, wakitaja pia mwenendo wake kwa kanuni za mradi.

Je, wajua kilichotokea pale wasimamizi wa maadili wenyewe walipogoma? Tarehe 22 Novemba 2021, timu nzima ya usimamizi wa maadili ya lugha ya Rust ilijiuzulu kwa pamoja. Walisema timu kuu ya mradi imejiweka mahali ambapo haiwajibiki kwa yeyote, kwa hiyo wao hawawezi kuitumia kanuni kwa haki. Rust ilikuwa na sifa ya kuwa jumuiya yenye ukarimu, na kanuni zake zilikuwapo tangu mwanzo. Maandishi hayakupungukiwa na kitu. Kilichokosekana ni mtu wa kumwita mkubwa mezani. Mwaka 2023 uongozi mpya, Baraza la Uongozi, ulichukua nafasi ya timu ile kuu.

Mchelea mwana kulia hulia yeye, na wakubwa ndio wanaochelewa zaidi. Ila kumwadhibu mkubwa nako kunahitaji usafi wa utaratibu. Agosti 2024, Baraza Elekezi la Python lilimsimamisha mmoja wa waandishi wake wakuu kwa miezi mitatu. Halikumtaja jina, lakini mwenyewe, Tim Peters, alijitambulisha. Huyu ndiye aliyebuni Timsort, njia ya kupanga data iliyoingia Python mwaka 2002 na baadaye Java. Orodha ya makosa iliyotangazwa ilichanganya mambo mazito na mambo kama kuandika mara nyingi mno katika mjadala mmoja, na haikuonyesha maneno yenyewe. Wenzake wengi walilalamika. Sina ugomvi na kusimamishwa kwa mtu mashuhuri. Lakini tuhuma zikitangazwa hadharani, ushahidi nao uonekane, au vyote viwili vibaki faragha.

Linux yenyewe ilichukua hatua ya wazi Novemba 2024. Mtunzaji wa mfumo wa faili wa bcachefs alizuiwa kuchangia katika mzunguko mzima wa toleo la 6.13, baada ya kamati kuamua kwamba alimtukana mwenzake kwa maandishi na hakulirekebisha jambo hilo kama alivyotakiwa.

Je, wajua kwamba Zanzibar imeingia katika historia hii? Novemba 2023 ulifanyika huko mkutano wa kwanza wa DjangoCon Africa, wa watumiaji wa Django, zana ya kujengea tovuti iliyopata kanuni zake za maadili mwaka 2013. Waandaaji waliomba msaada wa fedha kwa Python Software Foundation. Ombi lilikaa muda mrefu mezani, kwani baadhi ya wajumbe wa bodi walihoji usalama wa washiriki wa mapenzi ya jinsia moja chini ya sheria za Tanzania. Msaada uliidhinishwa, lakini kuchelewa kuliwaumiza waandaaji, ambao wanajua ugumu wa kulipa ukumbi na nauli bila uhakika wa fedha. Desemba waandaaji kutoka nchi mbalimbali za Afrika waliiandikia taasisi hiyo barua ya wazi, wakisema wametendewa tofauti na wenzao. Bodi ilijibu hadharani, na ikaanza kurekebisha utaratibu wake wa misaada.

Pande zote mbili zilikuwa zikitetea kitu cha kweli. Kanuni inayoahidi usalama kwa kila mshiriki haiwezi kufumba macho mbele ya sheria inayowafunga baadhi yao. Na jumuiya inayoahidi kumkaribisha kila mtu haiwezi kuwahoji Waafrika peke yao, huku mikutano ya kwingine ikipitishwa bila maswali ya namna hiyo juu ya viza, polisi au ubaguzi wa rangi. Jambo hili halijapata jibu moja, na kila mkutano unaopangwa Arusha, Kampala au Nairobi utalikuta njiani.

Je, wajua kwamba hata Wikipedia, inayoendeshwa kwa programu huria ya MediaWiki, ililazimika kurudia kura? Bodi ya Wikimedia iliidhinisha kanuni za maadili kwa miradi yake yote Desemba 2020. Utaratibu wa kuzisimamia ulipopigiwa kura mwaka 2022, asilimia 58.6 waliunga mkono. Wangeweza kusema wengi wape. Badala yake waliurudisha ukaandikwe upya, hasa kuhusu faragha na haki ya anayetuhumiwa, na kura ya 2023 ikaleta takriban asilimia 76.

Je, wajua kwamba OpenMRS, mfumo huria wa kumbukumbu za wagonjwa, ulianza mwaka 2004 kwa ushirikiano wa Regenstrief Institute ya Indianapolis na shirika la Partners In Health? Mfumo huo sasa unatumika katika zahanati na hospitali za nchi nyingi, ukijengwa na watu wa lugha na desturi mbalimbali. Neno ambalo mmoja hulisema kwa wepesi, mwingine hulipokea kama dharau. Kwa kazi ya namna hiyo, wanaoanzisha mradi wao chuoni au kazini wajibu kwanza maswali manne: Malalamiko yanapokelewa na nani, na je, ni zaidi ya mtu mmoja? Mlalamikiwa akiwa ni mmoja wa wapokeaji, shauri linahamia kwa nani? Mlalamikaji atapata jibu la kwanza ndani ya siku ngapi? Jina lake litajulikana kwa akina nani? Maneno mengine yote yanaweza kunakiliwa kutoka Contributor Covenant jioni moja. Haya manne hayanakiliki, kwa kuwa yanadai majina ya watu waliokubali.

Na kuhusu watu hao waliokubali: je, wajua kwamba kamati ya PostgreSQL hutoa ripoti ya kila mwaka? Ripoti hueleza malalamiko yaliyopokelewa na jinsi yalivyoshughulikiwa, bila kumtaja mlalamikaji wala mlalamikiwa. Django nao wamechapisha takwimu zao kwa namna hiyo. Anayefikiria kulalamika anaweza kuzisoma kwanza na kuona kama waliomtangulia walijibiwa.